Sili ya Upande wa Kulia

Upande wa kushoto haukuvuja tena hata tone. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililopaswa kumwokoa fundi, na ndilo walilolitumia kummaliza.

Trekta lilikuwa la kijiji kabla ya kuwa letu. Biashara zilipofunguliwa na mali za ushirika zikaanza kuuzwa, baba alilinunua likiwa limeegeshwa juani kwa miaka kadhaa, akalileta Nzuguni, ambako wakati huo nyumba zilikuwa chache na mashamba mengi. Baba alikuwa amestaafu kazi ya kutunza ghala la vipuri. Katika miaka ya uhaba mafundi walimjia na barua zenye mihuri kuomba beringi moja tu, naye akawajibu hakuna, huku wengine wakibadilisha kipya kwa kikuukuu nyuma ya mgongo wake. Alitoka ghalani na imani moja: fundi ni mwizi ambaye bado hajakamatwa.

Trekta lilivuja kwenye ekseli zote mbili za nyuma. Mafuta ya gia yalitoka karibu na magurudumu, yakashukia kwenye breki, yakachanganyika na vumbi jekundu na kuganda kama ukoko wa ugali. Sababu ilijulikana. Vipuri vilipokosekana, mafundi wa kwetu walikata sili, ile pete ya kuzuia mafuta yasitoke, kutoka kwenye ngozi ya ng'ombe, wakaichemsha katika mafuta ya mnyama na kuivisha shafti. Ngozi ilizuia mafuta, lakini ilishika vumbi, na vumbi likaula chuma. Madereva walitania kwamba trekta la mzee limeshakula ng'ombe watatu na bado lina njaa.

Fundi tuliyempelekea huko Kizota alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa mjini, aliyepunguzwa kazi katika karakana ya serikali mwaka uleule. Alikuwa amekodi uwanja wenye kibanda cha mabati, na trekta letu lilikuwa la kwanza kuingia humo. Wenye matrekta wengine walipita kila siku, wakasimama getini, wakatazama na kuondoka. Yeye hakuficha.

"Mzee, hili likitoka kavu, nimepata kazi. Likitoka linavuja, nitakwenda kubeba mizigo sokoni."

"Basi lisivuje," baba alimjibu, akamkabidhi sili mbili za mpira, kila moja ndani ya pakiti yake, kutoka katika mojawapo ya maduka yaliyokuwa yameota mjini siku hizo. "Enzi za ngozi zimekwisha."

Kazi ilifanyika Ijumaa. Mimi ni mwalimu, shule zilikuwa zimefungwa, na nilikuwa nimemsindikiza baba. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, gazeti mkononi. Fundi alianza na kushoto. Alitoa gurudumu, akavuta shafti, akaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha akamwita baba.

"Pitisha ukucha hapa, mzee. Unasikia nini?"

"Kuna mfereji."

"Huo wamechimba ng'ombe wako. Nikiiweka sili mpya mahali pa ile ya zamani, mdomo wake utatumbukia humohumo na mafuta yatapita. Kwa hiyo siipigi mpaka mwisho. Naiacha imechomoza kidogo, unene wa sarafu, ili mdomo ukae kwenye chuma kizima."

"Kitabu cha trekta kinasema mpaka mwisho."

"Kitabu kiliandikwa shafti ikiwa mpya, mzee. Hata mimi nilikuwa mpya."

Baba hakucheka.

Upande wa kushoto ulikamilika kabla ya adhana. Wa kulia, fundi alikuwa amekwisha kupachika sili kwenye kikombe chake cha chuma, juu ya meza ya kazi, ikiwa imechomoza kama alivyoeleza. Akanawa mikono. "Nakwenda kuswali. Naomba hii isiguswe."

Mawingu yalikuwa yamejikusanya tangu asubuhi, ya kwanza msimu ule, na nyumbani kulikuwa na watu waliokwisha kupanga zamu ya kulimiwa. Baba alizunguka ile meza mara mbili. Alipitisha kidole juu ya sili.

"Kazi ya nusunusu," alisema, si kwangu hasa.

Akachukua kipande cha mbao na nyundo, akaipiga mara nne, kwa kuzunguka, kwa upole, hadi ikalala sawa na ukingo. Kisha akamwamsha dereva wetu aliyekuwa amelala chini ya tela, wakarudisha shafti, wakakaza bolti. Dereva hakuiona nyundo. Niliiona mimi.

Fundi aliporudi alisimama hatua chache kabla ya kufika.

"Nani amefunga?"

"Tumekusaidia. Mvua haina sala ya Ijumaa."

"Sili hamkuigusa?"

"Haikuguswa."

Akanitazama. Nikafunua ukurasa wa gazeti. Najua alichokuwa anapima wakati ule. Kufungua tena mbele ya baba kungekuwa sawa na kumwita mtu mzima mwongo, tena mteja wake wa kwanza, na getini kulikuwa na watu wawili wanatazama. Akarudisha gurudumu.

Siku ya tatu shambani, rimu ya kulia ilianza kung'aa kwa mafuta. Siku ya nne breki ya upande huo haikushika kabisa. Baba hakumwita fundi. Dereva aliliendesha hadi Kizota saa ambayo baba alijua uwanja una watu, nami nikiwa nimekaa juu ya tela, kisha baba akashuka na kuongea kwa sauti ile ya ghalani.

"Nilikupa sili mbili. Moja iko kushoto, kavu kabisa. Ya pili umeiuza, huku umenivisha takataka."

"Mzee, shikamoo kwanza."

"Sikuja kuamkiwa."

"Kumbe mwenzetu anakula upande mmoja," mmoja wa wenye matrekta alisema, na wengine wakacheka.

Fundi alisubiri kicheko kiishe. "Nakuheshimu, mzee. Tulifungue hapahapa, watu wote waone. Kama si sili yako, chukua vifaa vyangu vyote."

"Nikupe nafasi ya kubadilisha tena?"

Hapo ndipo alipoacha kumtazama baba. "Mwalimu, ulikuwepo. Sema tu ulichokiona."

Watu wote waligeuka. Baba peke yake hakugeuka. Alikuwa anatazama lile gurudumu.

"Nilikuwa nasoma gazeti," nikasema.

Fundi alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu la swali jingine. Hakuna trekta lililoingia tena katika uwanja ule. Miezi miwili baadaye kibanda kilikuwa cha muuza mbao.

Baada ya mavuno baba alimleta fundi mwingine nyumbani, kijana kutoka mikoa ya kaskazini. Alipofungua pande zote mbili aliishika ile sili ya kulia, akailinganisha na ya kushoto, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hii ni mpya, mzee. Chapa ileile. Ila nani kaizamisha hivi? Imekaa mferejini."

"Yule wa kwanza," baba alisema. "Hakujua kazi."

Hakunitazama, nami nikampa kijana sili mpya. Kijana akaweka nyingine, akaiacha imechomoza unene wa sarafu, na trekta halikuvuja tena hadi baba alipoliuza.

Niliwahi kumwendea yule fundi wa Kizota. Alikuwa anatengeneza baiskeli kando ya barabara ya Nkuhungu, mikono ileile, kitambaa kilekile begani. Nilimweleza yote, kuanzia mbao hadi mapigo manne. Alinisikiliza huku akinyoosha spoku, wala hakuonyesha kushangaa.

"Hayo nayajua, mwalimu. Nilijua tangu siku ile." Akaizungusha rimu kuona kama bado inayumba. "Sasa kawaambie wale waliokuwepo uwanjani."

Nilimwitikia kwamba nitakwenda. Watatu kati yao nilizijua nyumba zao, na mmoja nilikuwa namfundisha mtoto wake. Sikwenda kwa yeyote.