Chaki ya Mshindi

Usiku ule Bibi aliponijia, nilikuwa nimelala na chaki midomoni na ndizi saba za sadaka tumboni.

Niungame kwanza huo ujinga, maana bila huo ndoto haielezeki. Vijana wa kanisani kwetu tulitangaziwa mfungo: kuanzia Alhamisi, maji tu, kufungua ni Jumapili baada ya ibada. Shabaha ni kujifunza kumshinda mjaribu. Aliyepaza sauti kuliko wote, "Sisi ni washindi!", ni mimi. Naitwa Danieli, na Danieli wa kwenye Biblia alikikataa chakula cha mfalme. Mimi nilidumu mpaka Alhamisi saa nane mchana.

Nyumba yetu inapakana na kanisa, kwa hiyo mazao ya sadaka ya mavuno hukaa kwetu yakisubiri mnada wa Jumapili. Safari hii kulikuwa na maboga, mahindi, kuku mmoja mwenye hasira, na mkungu wa ndizi ulioiva kwa makusudi kabisa. Nyuma ya nyumba kuna pipa la maji, na juu yake paa limeshuka sana. Ukiingia pale lazima uchutame. Nikachutama. Alhamisi mbili, Ijumaa tatu. Jumamosi mbili tu, nikajisifu kwamba nimeanza kujizuia.

Sasa, mtu aliyefunga hukauka midomo. Yangu iling'aa kama ya mtu aliyetoka harusini. Nikasaga kipande cha chaki, nikajipaka. Jumamosi jioni kwenye maombi Mwinjilisti akanishika kidevu, akanigeuzia kwa wenzangu. "Tazameni midomo ya mshindi!" Papo hapo nikateuliwa kutoa ushuhuda kesho yake, mbele ya kanisa zima. Mama alitoa machozi. Yeye si kijana, lakini alikuwa amefunga siku zote hizo. "Nakusindikiza, mwanangu," aliniambia Alhamisi ile, "usifunge peke yako."

Nikalala bila hata kunawa.

Nikajiona nimesimama mbele ya kanisa, tayari kushuhudia. Watu hawapo. Kwenye mabenchi yamekaa maboga, yamefungwa vilemba, yanasubiri. Kuku yule yuko mimbarini, ametulia kama mchungaji. Na katikati ya maboga, benchi la mbele, amekaa Bibi.

Bibi huyu ni mama yake Mama, alifariki mwaka juzi. Alikuwa mtu wa ugoro. Kila baada ya miezi michache alisimama kanisani, akashika benchi kwa mkono mmoja, akasema, "Ndugu zangu, nimerudia tena. Niombeeni." Watu walitazama chini. Sisi watoto tulikufa kwa kucheka, na mimi ndiye niliyemuigiza vizuri zaidi: chafya kwanza, halafu toba. Hata baada ya msiba niliigiza. Shuleni bado wananiomba.

Nilitaka kumwambia kwamba amekufa. Nikaona si adabu.

"Njoo, mume wangu," akasema. Ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo.

Nikaenda. Akalowesha pindo la khanga kwa mate, akaanza kunifuta midomo, kama zamani nikitoka kula maembe. Chaki ikadondoka. Akafuta tena, ikadondoka tena. Anafuta, inamwagika, haiishi, imefika vifundoni, imefika magotini, na maboga yanatazama bila kusema neno. Nikataka kumweleza kwamba ni kipande kidogo tu, mdomo haufunguki.

Halafu si kanisani tena. Tuko nyuma ya pipa, mimi na yeye, tumechutama bega kwa bega. Bibi ambaye mpaka anafariki hakuweza kukunja goti! Mkononi ana ndizi. Anaimenya taratibu, na ndani hakuna kitu. Anamenya nyingine. Hakuna kitu. Ananipa maganda niyashike, nami nayapokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayepokea sakramenti.

Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nikamuuliza, "Bibi, ule ugoro uliushinda?"

Kando yetu maji ya pipa yanasikika yakichemka, wala moto haupo.

"Mimi nilianguka wapi?" akauliza.

"Mbele za watu, Bibi."

"Nikasimama wapi?"

"Mbele za watu."

"Haya. Wewe umeangukia nyuma ya pipa." Akatazama paa lililotugusa vichwa. "Sasa simama tukuone."

Nikajaribu. Kichwa kikagonga bati. Nikajaribu tena, bati limeshuka zaidi. Nataka kumwita Mama na mdomo umejaa chaki. Bibi ameshatoka, sijui saa ngapi. Yuko uani, amenyooka wima kama msichana, kivuli chake kimefika kwenye miguu yangu. Hanicheki. Afadhali angenicheka.

"Toka huko, mume wangu," akasema. "Hapo hapasimamiki."

Kisha ikapigwa chafya.

Nikaamka nimekaa kitandani, pua inawasha, shuka limejaa unga mweupe. Mpaka leo sijui aliyepiga chafya ni yeye au ni mimi. Sijui pia kuku alitafuta nini mimbarini, na sitaki kujua.

Kulikuwa kumepambazuka. Mama alikuwa uani, ananyoosha shati langu jeupe kwa pasi ya mkaa, shati la ushuhuda. Alipoinua uso kunisalimia ndipo nilipoiona midomo yake. Haikuwa myeupe hata kidogo. Ilikuwa imekuwa myeusi, imepasuka katikati, na kwenye ule ufa kulikuwa na uzi mwembamba wa damu. Nilikuwa nimekosea hata rangi.

Nilikuwa na mizaha kama mitatu hivi tayari kichwani. Yote ikanikimbia. Nikasimama katikati ya uwanja, mahali ambapo hata jirani angeniona, nikamweleza: ndizi, pipa, midomo, Mwinjilisti. Nikamweleza na ndoto ya Bibi. Nikamwambia kwamba nataka kwenda kwa Mwinjilisti kabla ya ibada, nikamwombe ampe mtu mwingine nafasi ya kushuhudia.

Mama hakuniangalia. Aliendelea kupiga pasi kola ileile, huku na huku, mpaka nikaogopa itaungua. Niliposema maneno ya Bibi, mkono ulisimama. Akaipuliza pasi, majivu yakaruka, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Huenda ni hayo majivu. Halafu akanirushia shati, bado la moto, na maneno aliyosema ni haya, siongezi wala sipunguzi:

"Nafasi humpi mtu, utashuhudia wewe, na utashuhudia hayohayo. Na hiyo chaki umeiba shuleni? Basi na hiyo utaitaja. Vaa viatu, mshindi, tunachelewa."