Siku Tuliyopimwa Stoo

Niliposikia kwamba shirika linatafuta mtu wa kuongoza kazi ya kuingiza hesabu za bidhaa kwenye kompyuta, sikudhani ningefikiriwa. Nilikuwa msichana mpiga kadi katika shirika la umma lililosambaza nguo na vyombo vya nyumbani mikoani. Ofisi zetu zilikuwa ghorofani, Mchafukoge. Kutwa tulikaa mbele ya mashine zilizotoboa matundu kwenye kadi ngumu, na jioni kadi zikapakiwa kwenye pikapu kupelekwa shirika jingine, lililokuwa na kompyuta yenyewe. Mpaka wakati huo tulipiga kadi za mishahara tu.

Meneja alipendekeza watu wawili, mimi na mwenzangu wa meza ya pili. Yeye alikuwa kijana wa Kichaga aliyekuja mjini kukaa na kaka yake mwenye duka Kariakoo, na alikuwa amepelekwa nje kusomea kompyuta. Alinifundisha kuchora hatua za kazi kwa penseli, huku tukila wali na maharage kwa mama ntilie aliyekuwa nyuma ya jengo letu. Nilimwambia waziwazi kwamba kazi ile ni yake. Alicheka, lakini hakukataa.

Mtaalamu wa kutupima alitumwa kutoka wizarani. Alikuwa mtu mpole, asiyesema sana. Asubuhi nzima alituuliza mipango yetu: nani atafanya nini, kipi kitaanza, umeme ukikatika itakuwaje, pikapu ikikosa mafuta itakuwaje. Mwenzangu alijibu kwa ufasaha mpaka nikamwonea fahari. Nami nilijibu kadiri nilivyoweza. Mwishowe mtaalamu akafunga faili na kusema kesho yake twende stoo. Kila mmoja angewaeleza wafanyakazi wa huko kazi inayokuja, naye angekaa pembeni asikilize.

Stoo yetu ilikuwa Kariakoo, si mbali na Barabara ya Msimbazi. Hata leo nikipita dukani nikasikia harufu ya khanga mpya, naliona lile banda la bati na watu wameketi juu ya marobota. Mwenzangu ndiye aliyeanza. Alieleza mashine vizuri sana, wakamsikiliza kwa adabu, wakampigia makofi. Hakuna aliyeuliza kitu.

Nilipoanza mimi, sikufika mbali. Mama mmoja wa familia ya Kiarabu, mjane aliyetunza upande wa vitambaa, aliinua mkono.

"Mwanangu," akasema, "mashine ikishajua vyote vilivyomo humu ndani, sisi tunaenda wapi?"

Nilimtazama mtaalamu. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilitamani kumwambia yule mama asiwe na wasiwasi, lakini sikujua lolote. Meneja hakuwahi kutueleza, wala sisi hatukuwahi kuuliza.

"Sijui, mama," nikasema. "Leo hii nitakwenda kuuliza, na jibu nitakuletea mwenyewe, liwe zuri au baya."

Watu wakaanza kunong'ona na mkutano ukaishia hapo. Nilirudi Mchafukoge kwa miguu nikiamini nimeanguka, mtaalamu akinifuata nyuma. Meneja hakufurahi. Alisema mambo ya ajira si ya wapiga kadi. Nilimjibu kwa heshima kwamba watu wale ndio watakaotuhesabia bidhaa, na mtu mwenye hofu hawezi kututendea kazi kwa moyo.  Mwishowe akasema hakuna atakayepunguzwa, na anayetaka atafundishwa kupiga kadi. Nikamwomba aje awaambie yeye mwenyewe.

Kesho yake alikuja. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, akajitanda vizuri mtandio wake, akanigeukia mimi. "Basi nianze mimi kufundishwa," akasema.

Nilipewa kazi. Mtaalamu alituambia wote wawili kwamba mipango yetu ilikuwa mizuri, ila alitaka kuona mtu akiulizwa asilolijua atafanya nini.

Jioni ile mwenzangu alinisindikiza hadi Magomeni, ingawa kwa kaka yake kulikuwa karibu na tulipotoka. Tulivuka Jangwani. Karibu na nyumbani alinunua mihogo ya kuchoma, akanipa kipande kikubwa.

"Nimeumia, dada, sikufichi," akasema. "Mimi ningemwambia asiwe na wasiwasi, yakaisha."

Tulikula tumesimama, kisha akaniuliza nitampa sehemu gani ya kazi. Nikamwambia achague. Akachagua mashine, kama nilivyotumaini.

Kazi ilichelewa kuliko tulivyopanga. Umeme ulikatika, masika yakaja, na mara moja boksi la kadi lilimwagika matopeni. Tulishinda sakafuni tukizifuta na kuzipanga upya, yule mama akitutania kwamba wasomi tumegeuka wafua nguo. Lakini ilikamilika. Mwenzangu alikaa nasi miaka kadhaa, kisha akarudi kwao kulima kahawa. Yule mama wa stoo alipiga kadi hadi alipostaafu, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi wa cherehani.

Baadaye niliongoza kazi nyingine kubwa zaidi, kwa kompyuta ndogo za kuweka mezani. Ile ya kwanza ndiyo ninayoiota. Naota tumekaa sakafuni, kadi zimetuzunguka, na mtu anauliza nani anakwenda kununua maandazi.