Kijiji cha Mwisho kwenye Foleni

Osvaldo alizaliwa Chilindima, kijiji cha mpunga na mikorosho kando ya Ruvuma, upande huu wa mto, wa Tanzania, na hilo la upande ndilo alilolitetea maisha yake yote. Babu yake alivuka kutoka Msumbiji akikimbia vita, akalima, akaoa, akazikwa hapohapo. Lakini jina la Kireno halifichiki. Shuleni walimwita mkimbizi. Alipokwenda kuomba kitambulisho aliulizwa babu wa babu yake kazikwa wapi, kana kwamba kuna mtu hapa duniani anayejua. Na alipopata kazi ya mitambo katika kampuni ndogo ya simu mjini Mtwara, Rashidi, mwenzake wa meza ya pili, alimpokea kwa utani: "Karibu, Mreno. Ukichoka kazi, mto hauko mbali."

Rashidi alikuwa mtu wa masihara tu, hakuwa na baya. Osvaldo alicheka pamoja na wengine, kisha akaenda na utani huo nyumbani kwake, mtaa wa Rahaleo, na huko haukuchekesha tena. Akawa mtu wa kunyoosha mambo kupita kiasi: wa kwanza kufika kazini, wa mwisho kuomba ruhusa, na hakuwahi kumtafutia mtu wa kwao kazi hata ya kufagia uwanja. Mkewe Felista, mwalimu kutoka Songea, alimwambia siku moja, "Baba Domingo, unaishi kama mtu aliye nje kwa dhamana."

Kisha kampuni ikaamua kuhamia kwenye wingu. Msomaji asitishwe na neno hilo. Zamani kila kazi ya mtandao ilikuwa na sanduku lake: sanduku la kupitisha simu, sanduku la intaneti, sanduku la kumtambua mteja, na likifa moja unangoja jingine lije kutoka ng'ambo. Sasa kazi zote hizo zinageuzwa kuwa programu na kuwekwa kwenye seva za kawaida, na programu moja ikianguka, nakala yake inaamka mahali pengine kabla mteja hajamaliza kusema haloo. Ila lazima mtu akae chini aandike mapema jukwaa la programu hizo liwe la namna gani, lihimili nini, na likizidiwa lifanyeje. Kazi hiyo Injinia Agnes, mkuu wa mitambo, alimkabidhi Osvaldo.

"Wewe huna papara," alimwambia. "Andika kitu ambacho hata sote tukilala, chenyewe hakilali."

Osvaldo aliandika vizuri, hilo hakuna wa kumnyima. Vyumba viwili vya seva, kimoja Rahaleo na kingine Masasi, ili mvua au moto wa sehemu moja usiue vyote. Nakala mbili za kazi moja zisikae kamwe kwenye seva moja, wala zisitegemee waya mmoja wa umeme. Seva zijuliane hali muda wote, na itakayonyamaza ihesabiwe imekufa. Kasheshe ilikuja kwenye ukubwa. Wakubwa hawakutaka kugharamia chumba cha Masasi kinachoweza kubeba mzigo wote peke yake. Kwa hiyo chumba kimoja kikianguka, maeneo mengine yangerudi mtandaoni papo hapo na mengine yangesubiri. Yapi yasubiri? Hilo nalo lilitakiwa liandikwe, maana mashine itafuata foleni iliyopangiwa na si vinginevyo.

Alianza na hospitali, bandari, polisi na mabenki. Baada ya hapo kanuni yake ilikuwa idadi ya watu, na penye zahanati pakapandishwa kidogo. Kwa kanuni hiyo Chilindima iliangukia katikati, juu ya vijiji kadhaa, na mbali kabisa juu ya kambi ya mkandarasi mmoja kule Mnazi Bay ambayo ilikuwa imefungwa, imebaki na walinzi tu. Osvaldo aliitazama foleni yake. Akilini aliwaona watu wa kikao cha kuipitisha wakiisoma. Alimsikia Rashidi: ehee, Mreno, kumbe kwenu hakuzimiki! Akakitoa kijiji chake katikati, akakishusha hadi mwisho kabisa, chini ya kambi ya walinzi. Akajisikia msafi. Mimi nasema wazi kwamba kule kulikuwa kujikosha, na alijikosha kwa maji ya watu wengine.

Kikaoni hakuna aliyeuliza. Hakuna hata aliyefika ukurasa huo. Injinia Agnes alisaini, wakanywa soda, wakatawanyika.

Chumba cha Rahaleo kilianguka mwezi wa Machi, mchana kweupe, katikati ya mvua iliyokataa kukatika. Umeme ulikuwa umekwenda, maji yakaingia kwenye jenereta, betri zikashikilia kwa muda nazo zikaisha. Osvaldo na Rashidi walisimama mbele ya kompyuta, roho juu juu. Masasi ikaamka. Hospitali ikarudi. Bandari ikarudi. Mikindani ikarudi, na watu wa mjini wakaendelea kuongea na simu zao bila kujua kwamba kulikuwa na lolote. Injinia Agnes alimshika Osvaldo mkono kwa mikono yake miwili.

Chini kwenye kioo cha kompyuta yalibaki majina machache mekundu, ya maeneo ambayo hayajarudi. Rashidi aliinama akayasoma.

"Hii Chilindima si ndiyo kwenu?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona iko chini ya kambi ya Mnazi Bay, na kambi imesharudi? Kambi haina mtu. Tuishushe hiyo, tuinue ya kwenu kwa mkono. Ni kazi ya dakika moja."

"Tufuate tulivyoandika," Osvaldo alisema.

"Ndugu yangu, mama si yuko huko?"

"Tufuate tulivyoandika. Hadi kesho asubuhi Rahaleo itakuwa imerudi."

Rashidi alimkazia macho kidogo. "Haya," alisema. "Wewe ndiye uliyeandika."

Saa hizo, kule Chilindima, Bi Rosalina, mama yake Osvaldo, alikuwa amebanwa na pumu. Dawa ya kuvuta ilikuwa imekwisha, na muuguzi wa zahanati alikuwa amekwenda wilayani kufuata dawa. Ines, dada mdogo wa Osvaldo, alimpigia Stefano, bodaboda wa kijiji cha jirani aliyekuwa akiwapeleka kituo cha afya kila mama anapobanwa. Simu haikutoka. Watu wa kule huwa na laini ya Msumbiji pia, lakini hiyo hushika ukiwa mashambani karibu na mto, na mashamba yote yalikuwa chini ya maji. Ines alipiga tena, akapiga tena, mwisho akawaacha wanawe wawili wamtazame mama, akaenda kwa Stefano kwa miguu katika tope. Aliporudi mgongoni mwa pikipiki aliwakuta watoto wamekaa nje, wananyeshewa, hawataki kuingia ndani.

Osvaldo alipata habari asubuhi, mtandao uliporudi. Aliketi sakafuni katikati ya seva. Rashidi aliufunga mlango ili wengine wasimwone, akakaa naye chini pale, na siku hiyo hakuwa na utani wowote. Ripoti iliyokwenda kwa wakubwa ilisema kwamba jukwaa limefanya kazi sawasawa na lilivyoandikwa.

Baada ya maziko alimkuta Ines nyuma ya nyumba, anasugua masufuria ya msiba. Akachuchumaa kumsaidia.

"Kaka," Ines alisema, "watu wa kule barabarani wanasema kwao simu zilishika jioni ile. Sisi tu ndio hatukupata. Wewe unafanya kazi hukohuko. Nani anachagua?"

Osvaldo alifumbua kinywa. Tangu afike alikuwa amelia kama mtoto, watu wamemshika, na katika kulia kote huko alikuwa akiomba mtu amuulize jambo hili alitapike. Sasa ameulizwa.

"Mashine," alisema. "Inachagua mashine."

Ines aliitikia kwa kichwa, akamwaga maji machafu, akachota mengine.

"Basi afadhali," alisema. "Nilidhani kuna mtu katuona sisi si watu."