Pilau Niliyoipika Kwenye Jiko la Watu

Mjukuu wangu alinipigia simu kuniagiza nimtafutie mahali pazuri pa kula hapa Durban. Hakusema "bibi, pika." Alisema "tafuta." Wakwe zake watarajiwa walikuwa wanakuja kutoka Johannesburg kuleta posa, Watanzania wenzetu wenye maduka yao, na hakutaka nyayo zao zifike kwangu.

"Bibi, kwako padogo," akasema.

"Padogo tangu lini? Umelala humu miaka kumi na minane hukusema padogo."

"Na lifti imekufa. Mama wa mchumba wangu ana magoti mabovu."

"Na mimi nina nini, magurudumu?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Ninakaa Albert Park, ghorofa ya saba, na ngazi zile nazipanda na mfuko wa mchele mkononi.

Kwetu Tanga watu wa posa wanakula kwa binti. Mkwe akishakula chungu chako amekujua. Hata mkigombana kesho hawezi kusema hajui mke wa mwanawe katoka tumbo la nani na nyumba ya nani. Ukimpeleka hotelini amekula kwa mwenye hoteli, wewe umekaa tu pembeni kama abiria. Nilimwambia hayo yote. Akanisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ikatike, halafu akasema: "Siku hizi watu wote wanatoka kula, bibi. Halafu nani anakijua chakula cha mji huu kukushinda wewe?"

Hapo akanipata. Nina kiburi, sikatai.

Na kweli nakijua. Mama yake alipofariki, mimi ndiye niliyemlea mtoto huyo kwa ndoo mbili, moja ya pilau, moja ya maharage, nikiuza kwenye geti la kiwanda kule Jacobs miaka kumi na moja. Wanaume waliotoka zamu walipita geti zima la wauzaji wakaja kwangu. Shule niliishia darasa la nne. Chakula sijaishia popote.

Basi nikaanza kuuzunguka mji. Nilianzia ufukweni, kwenye hoteli aliyoitaja yeye mwenyewe, aliyoiona kwenye simu yake ikiwa na nyota. Kijana aliyevaa aproni nyeusi akaniletea sahani pana kama ungo, katikati wali umefinyangwa kama kofia ya mtoto, na kipande cha samaki kimeegemea pale kimechoka. Sijameza, ameshakuja kuuliza nimefurahi? Nikamwambia ngoja kwanza kifike tumboni. Samaki alikuwa wa barafu. Ukimla samaki wa barafu mita mia kutoka baharini, ujue umetukanwa.

Jirani yangu, mama wa Kikongo anayesuka nywele chini ya jengo letu, akaniambia, "Mama, usihangaike. Kwa wetu pale nyuma kila kitu iko. Sombe iko, samaki iko, ambiance iko!"

Nilikwenda naye. Sombe yao, yaani kisamvu, sina la kuisema vibaya, ilikuwa imetwangwa na mtu anayeijua kazi. Lakini muziki ulikuwa unapiga mpaka kijiko kinatetemeka mezani, na meza ya jirani chupa za bia zimepangwa kama askari. Wakwe zetu ni watu wa swala.

"Utamwambia nini mkwe humu," nikamuuliza, "posa imekubaliwa au umwombe achezeshe kiuno?"

"Achezeshe kwanza," akasema, "tuone kama bwana harusi ametoka kwa watu wazima." Akacheka mpaka akashika meza. Mwanamke yule ndiye pekee aliyenichekesha wiki hiyo.

Nikala pia ule mkate wa Wahindi wa hapa, unaochimbwa tumbo ukamiminiwa mchuzi wa mbuzi ndani. Mtamu, nasema kweli, lakini unakula kwa vidole mchuzi unatiririka mpaka kwenye kiwiko. Siyo chakula cha kujadilia mahari.

Mimi nina namna yangu ya kuipima hoteli. Siangalii sahani zinazotoka jikoni, naangalia zinazorudi. Pia naagiza wali mtupu. Mchuzi unaficha makosa mengi, wali mtupu hauna pa kujificha. Hivyo ndivyo nilivyoipata ile niliyoitaka, siku ya nne, miguu imevimba, kwenye mitaa ya soko la zamani la Wahindi. Unapita duka la viungo, unavuka pale roboti, maana hapa ndivyo tunavyoziita taa za barabarani, unaingia kichochoro, meza saba. Mwenyewe ni mama wa Kihindi wa makamo yangu, watu wote wanamwita anti. Tuliongea kwa Kizulu changu kibovu na Kiingereza chake cha mbio.

"Wali mtupu, gogo?" akaniuliza. Gogo ni bibi. "Una homa?"

"Sina homa. Nataka kuona kama unajua."

Akaniangalia kwa muda, akaenda jikoni mwenyewe. Wali ulikuja kila punje imesimama peke yake, unanukia iliki kwa mbali. Sahani zilizorudi zilikuwa nyeupe. Wahudumu walikaa kwenye ngazi ya nyuma wanakula chakula kilekile wanachouza, na hilo ndilo jambo la mwisho ninalolitafuta. Nikamwambia, "Unajua."

"Na wewe unajua nini?" akauliza.

Nikamwambia. Tukazungumza kuhusu vitunguu mpaka adhuhuri ikatupita. Yeye anasema vikaangwe mpaka rangi ya dhahabu, mimi nasema mpaka rangi ya kahawa, dhahabu ni uvivu. Ndipo lile wazo likanijia, na niliingia nalo kichwa kichwa kwa akili zangu timamu. Nilimwomba aniachie jiko Jumapili asubuhi. Nipike mimi, chakula kitoke kama chake, mtu asiambiwe.

"Kwa nini asiambiwe?" akauliza anti.

"Kwa sababu mmoja wao atajua bila kuambiwa."

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Sisi wapishi wa zamani tunaamini mkono wa mtu hujulikana, kama sauti. Mtoto aliyekula pilau yako miaka kumi na minane, ukimfumba macho ukamwekea sahani mia, atashika yako. Niliona itakavyokuwa: anatia kijiko cha kwanza, anashtuka, anasema mbele ya wakwe, "Jamani, hii ya bibi!" Basi, nitakuwa nimewalisha mimi, nyumba au si nyumba. Nilitaka atamke yeye. Kumsimulia mkwe mimi mwenyewe, "nimepika mimi," ningeshindwa na haya.

Jumapili saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwa anti na nyama yangu ya mbuzi, bizari yangu nzima, mdalasini wangu wa magome. Vitunguu nilivikaanga mpaka kahawa, anti anaguna nyuma yangu. Aliniwashia makaa ya kuchomea mishikaki nikayapalia juu ya mfuniko, maana pilau isiyopaliwa ni wali wenye nyama. Nilipopakua nikakwangua ukoko. Mtoto yule alipokuwa mdogo alikuwa anakaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko anasubiri ukoko, na ole wake mtu mwingine aguse. Hakuna hoteli inayompa mteja ukoko. Nikauweka juu ya sahani moja, kipande kikubwa cha rangi ya ngozi iliyopakwa mafuta, nikamwambia mhudumu sahani hiyo ni ya mjukuu wangu. Nikaosha uso chooni, nikavaa gauni langu la Idi na mtandio, nikatoka kukaa mezani kama mgeni.

Walikuja saa saba. Baba mtu mpole, kijana mwenyewe mwenye adabu, na mama, mwanamke mkubwa wa dhahabu na magoti. Alinishika mikono miwili. "Shikamoo, mama," akasema, ingawa yeye mwenyewe ana wajukuu. Sikumchukia. Ingekuwa rahisi kama ningemchukia.

Sahani zikaja. Mjukuu wangu alikuwa anaongea, akatia kijiko cha kwanza mdomoni huku anaongea, na akanyamaza. Nilimwona. Alitafuna mara mbili akaacha. Macho yakashuka kwenye sahani, yakauona ukoko, yakapanda kwangu. Mimi nikamtazama vilevile.

"Hiyo nyeusi ni nini?" mama mkwe akauliza, ananyoosha shingo. "Mimi sikuwekewa."

Mjukuu wangu akachukua uma, akausukuma ukoko mpaka ukingoni mwa sahani. "Wameunguza kidogo," akasema. "Uache tu, mama."

Uache tu, mama. Na "mama" mwenyewe hakuwa mimi.

"Lakini pilau jamani!" akasema yule mama. "Toka niondoke Dar es Salaam sijala pilau kama hii. Mama, na wewe kule kwako unapika?"

Nilifungua mdomo. Mjukuu akaniwahi. "Bibi siku hizi hapiki. Amezeeka."

Nilikula sahani yangu yote. Nilitoa shukrani, nikajibu posa kama ninavyotakiwa kujibu, nikasema binti ni wenu, mtunzeni. Mhudumu alirudisha sahani jikoni, na zote zilikuwa nyeupe isipokuwa moja.

Wiki mbili zilipita mjukuu wangu hakunitajia lile la pilau. Halafu anti akapiga simu. Wale watu wameagiza chakula cha harusi kwake, wanataka pilau ileile, watu mia mbili. "Gogo, ile yako mimi siijui," akasema. "Utakuja?"

"Wapikie ya kwako."

"Wanataka ya siku ile."

"Anayeitaka anajua ngazi zangu zilipo."

Nadhani anti alimwambia mjukuu wangu, maana jioni hiyohiyo simu ililia.

"Bibi, kwa nini unanifanyia hivi?"

"Nimekufanyia nini? Mimi sipiki siku hizi. Nimezeeka."

Nilisikia magari upande wake.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua kijiko cha kwanza." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Bibi, ningesema ni yako wangeuliza ulijifunza wapi, umepika wapi, unakaa wapi. Ningeanza na geti la Jacobs ningemalizia na lifti. Wewe hujui watu hawa."

"Watu hawa walinishika mikono miwili."

"Siku ya kwanza kila mtu anashika."

Labda ni kweli, sijui. Nilimwambia siku atakapomleta mkwewe akae kwenye kochi langu, hata kwa dakika tano, hata kwa kubebwa, nitapikia watu mia mbili, nitapikia elfu. Akasema atafikiria. Najua sauti ya mtu anayesema atafikiria. Hakuja.

Harusi ilifungwa. Anti aliwapikia biriani, na ilikuwa biriani nzuri, sitasema uongo kwa sababu ya uchungu. Nilikaa meza ya mbele na wazee, nimefungiwa ua kifuani. Katikati ya chakula mama mkwe akaja kwa taratibu na magoti yake, akavuta kiti karibu yangu, bibi harusi yuko nyuma yake ameshika pindo la gauni lake la harusi.

"Mama, mbona wametubadilishia?" akasema. "Ile pilau ya siku ile imekwenda wapi? Niliisifia Johannesburg nzima."

Nilimtazama mjukuu wangu. Wanja umekaa vizuri, hina mpaka kwenye viwiko, na macho ndani yake yanaomba, yaleyale ya mtoto aliyevunja kikombe. Neno lilikuwa kwenye ulimi wangu limeshaiva. Ningelitema pale, mbele ya watu mia mbili, na lingekuwa la kweli tupu.

"Nilimuuliza anti," nikasema. "Mpishi wake alipata udhuru."

"Pole yetu," akasema mama mkwe, akarudi mezani kwake.

Mjukuu wangu alishusha pumzi. Mabega yake yalishuka, mkono ukaachia pindo la gauni, na akatabasamu kwa mara ya kwanza mchana ule. Kukataliwa kwenye sahani nilikumeza. Pumzi ile, alivyofurahi kwamba sijatambulika, bado iko hapa kooni.