Mama Mkwe, Viti Viwili na Taa za Ukungu

Niliondoka Kitui kwa sababu ya jicho la mama mkwe. La kushoto lilikuwa limeshakufa, na la kulia lilikuwa likififia. Daktari wa macho angekuwa Machakos Jumatano asubuhi tu, na basi la kutoka kwake Mbooni lilifika huko foleni ikishafungwa. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu Mwende wiki iliyotangulia. Nikabaki mimi na gari langu la michezo la Kiingereza, nililouziwa na Mzungu aliyekuwa akirudi kwao.

Lilikuwa na viti viwili tu, na hivyo ndivyo vilivyoninyima usingizi. Sisi Wakamba tuna nthoni: mtu hakai karibu na mama mkwe wala hamtazami usoni, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Sasa ningekaa naye bega kwa bega kwenye mteremko wa Mbooni, mwezi wa Julai, ukungu ukiwa mzito.

Jumanne asubuhi fundi Salim, pale mjini Kitui, alinifungia taa mbili za ukungu. Kwa kuwa gari lilikuwa chini mno, alizisimamisha juu ya bampa zisivunjwe na mawe.

"Hapo utaona mpaka Machakos, mwalimu," alisema. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Adhuhuri nilipita Kwa Vonza, kisha Wamunyu na Masii, nikisimama kila mara kukagua nati. Jioni nilifika Mbooni. Shemeji alinikaribisha, mama mkwe alinisalimia kutoka jikoni, mlango ukiwa umerudishwa.

Alfajiri tulianza kuteremka. Mama mkwe alijifunika leso, akajibana mlangoni, nami nikabadilisha gia kwa vidole viwili nisije nikamgusa. Kwenye kona ya pili ukungu ukatumeza. Niliwasha taa za Salim, na mbele yangu pakawa ukuta mweupe. Hata boneti sikuiona. Upande wake kulikuwa na bonde. Nilisimamisha gari. Niliogopa sana, sifichi.

Mama mkwe akasema, akiwa amegeukia dirisha, "Baba Mwende, ukungu unamulikwa miguuni. Sisi huku taa tunashika chini ya goti."

Nilitoa spana, nikashuka kuzihamishia taa chini ya bampa. Nati zililegea, lakini sikuweza kuishika taa na kuikaza peke yangu.

"Mama," nilisema nikitazama chini, "naomba unishikie."

Alishuka, akapiga magoti kwenye tope, akaishika taa ikining'inia chini ya bampa, uso kando. Tukafanya hivyo na ya pili. Vidole vyetu viligusana mara mbili, na hakuna aliyeomba radhi.

Barabara ikaonekana, kama hatua kumi hivi. Ilitosha. Saa mbili tulikuwa kwenye foleni, na jicho likaokolewa.

Nikirudi Kitui peke yangu nilikubali jambo moja: nilifungisha taa zile ili nisije nikahitaji msaada wake.

Mwezi uliofuata alikuja Kitui kumwona mjukuu. Aliniona uani, akanipisha kama zamani. Lakini alipofika mbele ya gari aliinama kidogo, kisha akamwambia mke wangu, kwa sauti ya kunifikia, "Mwambie ile ya kushoto imelegea."

Nikaenda kuleta spana.