Kiden, Mama wa Kuuliza

Pale Koboko, kaskazini mwa Uganda, katika kanisa la Wasudani Kusini lililo nyuma ya soko, hakuna mwanamume anayewekewa mikono awe mzee wa kanisa kabla Kiden hajazunguka. Walikubaliana hivyo miaka minne iliyopita, walipokwisha kuliezeka mabati. Paulo alimwelekeza Timotheo kwamba kiongozi awe na mke mmoja, asiwe mlevi wala mgomvi, nyumba yake iwe imetulia, na hata watu wasio wa kanisa wamseme vizuri. Hayo mengine wazee waliweza kuyajua wenyewe. Hilo la watu wa nje ndilo lililotaka miguu, na miguu ikawa ya Kiden. Alipewa wiki tatu kwa kila jina. Alikwenda kwa majirani, wengi wao Waislamu, akaketi, akanywa chai, akauliza. Jumapili ya tatu alisimama mbele ya watu akasema "Hakuna neno" au "Kuna neno." Akisema kuna neno, habari ya mtu huyo imeishia hapo.

Watu walimwita Mama wa Kuuliza. Wengine walimwita hivyo kwa heshima, wengine walingoja apite kwanza ndipo wakalitamka kwa kubana pua. Mwenyewe aliipenda kazi hiyo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, na riziki yake aliitafuta kwa sindano: alidarizi milaya, yale mashuka ya maua ambayo mama wa Kisudani hutandika kitanda akitarajia mgeni wa heshima. Macho yake yalizoea kutafuta uzi uliokosea njia. Shida ni kwamba akishaweka sindano chini, macho hayo hayakuacha kutafuta.

Mwezi wa tano jina likatajwa. Lilikuwa la Marino, mwenye mashine ya kusaga pale sokoni. Kanisa zima likaguna kwa furaha. Kiden naye akaguna, ila guno lake lilitoka puani.

Kwanza, Marino alikuwa mtu wa maneno machache, na Kiden hakuwaamini watu wa namna hiyo. Mtu mzima ananyamaza nini, kama hana kitu anachokikalia? Pili, kila Alhamisi Marino alifunga mashine, akavaa shati safi, akapanda gari kwenda mjini Arua, na hakurudi mpaka saa kumi na moja. Unga hautaki shati safi. Tatu, na hili ndilo lililomnyima Kiden raha, mwezi wa tatu Marino alikuja kwake peke yake kununua milaya. Wanaume hutumwa kulipa. Kuchagua ni kazi ya wake zao. Marino alichagua mwenyewe, tena bila haraka: maua mekundu, majani pembeni, na ndege wawili katikati.

"Ni ya nyumbani," alisema, akaikunja, akaondoka.

Ndege wawili! Mwanamume wa miaka hamsini, mwenye wajukuu, anachagua ndege wawili. Kiden aliliweka jambo hilo akilini, na sasa akalitoa.

Alianza kwa Rabia, mwanamke wa Kinubi anayeuza chai mbele ya mashine ya Marino.

"Marino? Iko mutu muzuri," Rabia alisema. "Kama mashine yake imeharibu unga yako, anakuambia ukweli. Mutu maskini anasagia yeye mbele. Sisi Waislamu hapa tunamupenda sana."

"Na Alhamisi anaendaga wapi?"

Rabia akaanza kukoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Hiyo mimi sijui. Uliza yeye."

Huyu anajua, Kiden aliwaza. Na sifa zote hizo za nini? Mtu anayesifiwa na kila mdomo lazima amefanya kazi ya kuitafuta sifa hiyo. Aliaga, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Marino.

Mke wa Marino, Santa, alikuwa Mkakwa wa kijiji cha Lurujo, mwanamke mpole mwenye mikono ya jembe. Alimkaribisha nje, kivulini. Kivuli hakikumfaa Kiden, kwa sababu vitanda viko ndani. Basi Kiden, ambaye hata hakumbuki mara ya mwisho alipoumwa kichwa, akashika paji la uso akaomba ajinyooshe kidogo. Santa akamwingiza. Kulikuwa na vitanda viwili. Alilala kwenye kimoja huku jicho moja likiwa wazi, akakikagua cha pili, akafunua hata godoro alilolalia. Mashuka yalikuwa ya kawaida, meupe yaliyochoka. Milaya haikuwepo. Akashukuru, akasema kichwa kimepona, akatoka na furaha mbaya moyoni.

Jumanne iliyofuata alikwenda Arua kununua nyuzi. Alikuwa na mteja upande wa Ediofe, chini ya kanisa kuu la Wakatoliki, na njia ya kwenda kwake ilipita kando ya nyumba ndogondogo za kupanga. Katika ua mmoja, kwenye kamba ya nguo, aliiona. Maua mekundu, majani, ndege wawili. Hakuhitaji kuikaribia, lakini aliikaribia, akageuza pindo, akaona mafundo yake mwenyewe.

Mwanamke mtu mzima aliyejifunga gagra, nguo ya kiunoni ya Wanubi, alikuwa anachambua mchele mlangoni. Jina lake Kaltumu, na ndiye mwenye nyumba hizo.

"Salaam, mama. Hii milaya iko ya nani?"

"Iko ya mama moja ya Sudani. Iko ndani pale, amelala."

"Ana bwana?"

Kaltumu akacheka mpaka mchele ukamwagika. "Bwana? Iko mutu moja ya Koboko anakuja kila Alhamisi. Analeta chakula, anapeleka maji ndani, anafua nguo. Nguo, mama! Bwana yangu mimi, Mungu amurehemu, hakufua hata kitambaa moja."

Mlango wa mama huyo ulikuwa hatua kumi kutoka aliposimama Kiden, umeegeshwa tu. Angeweza kubisha. Hakubisha. Alichokitaka alikuwa amekipata, na mtu aliyepata anachokitaka hana haja ya kuona zaidi.

Njiani kurudi alipanga hesabu yake. Paulo alikataza mashtaka juu ya mzee wa kanisa yasipokelewe mpaka wawepo mashahidi wawili au watatu. Vema. Yeye ni wa kwanza, Kaltumu ni wa pili, na milaya ni wa tatu. Kwamba milaya haina mdomo hakukumsumbua.

Asubuhi ya Jumatano akaenda tena kwa Santa. Kwa huruma, alijiambia. Mwanamke mwenzake asije akaumbuka mbele ya kanisa bila kuonywa. Ukweli ni kwamba hakuweza kulibeba lile neno mpaka Jumapili peke yake, lilikuwa linamwasha. Santa alikuwa anamenya mihogo.

"Mama Lado," Kiden alianza, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "mimi nasikia huruma kwa wewe. Marino iko na nyumba ingine Arua. Mama iko ndani. Milaya niliona na macho yangu."

Alingoja kilio. Santa aliendelea kumenya.

"Uliingia ndani?"

"Hapana."

"Uliona uso ya huyo mama?"

"Sikuona. Lakini mwenye nyumba alisema..."

"Na chakula yenye Marino anapeleka, unafikiri nani anapika?" Santa aliweka kisu chini. "Mimi, Mama Kiden. Ni mwaka ya nne sasa. Na milaya, mimi ndiyo nilimutuma. Nilimwambia achukue ile yenye kungʼaa, mutu iko nalala mchana kutwa aone kitu muzuri."

Akili ya Kiden ikatafuta njia nyingine haraka. Pengine wamepatana, aliwaza, mke mkubwa na mke mdogo, ndiyo maana nyumba imetulia hivi.

"Kesho iko Alhamisi," Santa alisema. "Marino atabaki kwa mashine. Chakula utapeleka wewe. Utaingia, utaona, halafu Jumapili utasema yenye unataka."

Usiku mzima haukuwa na usingizi wa maana. Labda ni mtego, Kiden aliwaza. Labda wanataka nigombane na huyo mwanamke, waseme Mama wa Kuuliza ni mgomvi. Lakini kukataa kungekuwa kukiri kwamba anaogopa. Kulipokucha alichukua bakuli lililofungwa kwa kitambaa, akapanda gari. Njia nzima alilishika mbali na mwili, maana hata hicho chakula hakukiamini.

Safari hii alibisha.

Ndani mlikuwa na kitanda kimoja, na juu yake ile milaya, imeshakauka na kutandikwa. Mwanamke aliyelala alikuwa ameelekea ukutani, mkono wa kulia umewekwa kifuani kama kitu cha kuazima. Alipogeuza uso, upande mmoja wa mdomo haukufuata. Kiden alimtambua kwa macho.

Alikuwa Agnes Keji.

Miaka minne nyuma Agnes alikuwa shemasi katika kanisa lao. Jumapili moja aliingia ibadani akiyumba, ananuka waragi, ile pombe kali, akalikosa benchi akaanguka. Watu walidhani amejikwaa. Kiden, aliyekuwa karibu naye, alinusa, akaangalia, akamaliza. Ibada ilipokwisha alisimama mbele ya baraza la wazee akasema: shemasi huyu amelewa, nimeona mwenyewe. Agnes aliambiwa ajitetee, akatoa sauti nzito zisizoeleweka, na wengine wakacheka. Hapo ubishi uliisha. Paulo hakutaka shemasi anayependa pombe. Walimvua ushemasi mchana uleule, na mwezi haukuisha akawa haonekani tena Koboko. Kiden alipewa kazi ya kuuliza kwa sababu ya siku hiyo. Walisema ana jicho.

"Mama wa Kuuliza," Agnes alisema sasa, polepole, akilisukuma kila neno. "Umekuja kuuliza?"

"Nimeleta chakula ya Mama Lado."

"Weka."

Kiden aliliweka bakuli juu ya kigoda. Alitaka kutoka, lakini hakutoka. Ndipo akauliza, miaka minne ikiwa imepita, swali ambalo lilikuwa kazi yake.

"Hii ugonjwa ilianza lini?"

"Jumamosi. Kesho yake ndiyo ile Jumapili." Agnes alipumzika kidogo. "Mkono ilikufa ganzi. Jirani akachukua waragi, akanipaka, akasugua, akasugua mpaka shingo. Nikasema nitaenda kanisa tu, Mungu atasaidia."

Kiden alikaa chini bila kukaribishwa. Mkono uliokufa ganzi husuguliwa waragi, jambo hilo mtoto yeyote wa nyumba zao analijua. Yeye mwenyewe alimsugua marehemu mumewe hivyo hivyo, mwaka mzima. Harufu ile aliijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa kanisani siku ile.

"Mbona hukusema, dada yangu? Baraza waliuliza wewe."

"Nilisema," Agnes alijibu. "Mdomo ndiyo ilikataa. Nyinyi mkacheka."

Kiden alilia. Alilia kwa aibu, waziwazi, pua na macho, mpaka Kaltumu akaja kuchungulia mlangoni. Agnes hakumnyamazisha. Alifungua bakuli kwa mkono wa kushoto, akaanza kula. Alimwambia, kati ya tonge na tonge, kwamba Marino alikuwepo kati ya watu siku ile na akakaa kimya, na kimya hicho ndicho kilichomtesa mpaka akamtafuta Arua nzima. Yeye Agnes ndiye aliyewakataza Marino na Santa wasiseme kwa mtu. Hakutaka watu wa kanisa waje kumtazama.

Kiden alipiga magoti kando ya kitanda. "Agnes, nisamehe."

"Ile neno yako hukusemea hapa," Agnes alisema. "Ulisemea kanisani. Rudi kule, sema. Halafu kuja, tutaongea."

Jumapili kanisa lilijaa. Santa alikaa upande wa wanawake, hakugeuka. Marino alikaa mbele na shati lake safi. Pasta Kenyi, aliyeliongoza kanisa hilo tangu mwanzo, akamwita Kiden kama desturi.

"Mama Kiden, juu ya Marino, kuna neno?"

"Juu ya Marino hakuna neno."

Vigelegele vikapanda. Pasta akamwashiria Marino asogee. Kiden alibaki amesimama.

"Neno iko juu yangu," alisema.

Alieleza yote: mkono, waragi, jirani aliyesugua, mdomo uliokataa. Alisema Agnes Keji hakulewa siku ile. Alisema yeye aliona kuyumba na kunusa harufu, na hayo mengine akayajaza mwenyewe bila kumuuliza mtu hata mmoja. Watu walianza kunongʼona. Santa alikuwa amegeuka sasa, anamtazama.

Pasta Kenyi alikuwa mtu mwema, hakupenda mama mzima aaibike hivyo mbele ya watoto. Akainua mkono kuwatuliza.

"Mama, usijibebeshe yote. Hukuwa peke yako. Ile ilikuwa kazi ya baraza, na baraza ilifuata Neno. Mashahidi wawili au watatu." Akawageukia watu kwenye mabenchi. "Wengine wenye waliona Agnes amekunywa, nyanyueni mikono, mama huyu apate amani."

Alingoja. Akatazama upande wa wanaume, akatazama upande wa wanawake, akawatazama wazee walioketi nyuma yake. Hakuna mkono ulionyanyuka. Pasta akageuka akautazama mkono wake mwenyewe, ambao bado ulikuwa juu, akaushusha. Katika miaka minne hiyo ilikuwa mara ya kwanza swali hilo kuulizwa.