Viganja vya Binti Yangu

Mimi ni mtu wa mdomo, sikatai. Ukiuza karoti hapa mpakani Busia huku umenyamaza, jioni unarudi nazo zimenyauka. Kwa hiyo nilikuwa napita kando ya malori yanayosubiri forodhani, beseni kichwani, napiga kelele: "Karoti ni macho! Dereva, kula uone mbali! Karoti ni damu, karoti ni ngozi!" Madereva walicheka, wakanunua, wakazitafuna mbichi miguu ikining'inia nje ya mlango. Maneno hayo niliyasema mara nyingi mpaka nikayaamini kuliko wao. Na si uongo, karoti ina faida, hata leo nauza na ninakula. Aliyekosa akili ni mimi.

Binti yangu alikuwa na mwaka na nusu, anakaa kijijini Iyolwa kwa mama yangu. Chumba changu cha Busia kilikuwa kidogo, vumbi la malori linaingia mpaka kwenye maji ya kunywa, na kazi ya kutembeza beseni haina pa kumweka mtoto. Mama alikubali kumlea bila hata kuniuliza mpaka lini.

Jumapili moja nilifika nikamkuta mtoto ameketi chini, anakula ugali wa wimbi na mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, amejipaka mchuzi hadi masikioni. Sijui nini kilinipata. Wiki ileile mteja wangu mmoja wa mjini alikuja na mwanawe wa umri uleule, mashavu kama maandazi, akaniambia anampondea karoti kila siku. Nikaona aibu kwa niaba ya mtoto wangu.

"Mama, bado unalisha watu vyakula vya zamani?"

"Si hivi ndivyo mlivyokula nyinyi?"

"Ndiyo maana tuko hivi tulivyo."

Aliguna tu, akachukua mtungi kwenda kisimani. Nikamfuata nyuma nikitoa masharti. Karoti za kuchemsha, zipondwe, asubuhi, mchana na jioni. Na asimpe kitu kingine, maana mtoto akishaonja mukene atazikataa. Hilo nililisema kwa mdomo wangu huuhuu. Mama akaitikia, "Sawa." Hakusoma hata darasa moja, na mimi ndiye niliyekuwa namletea sabuni na sukari, basi nikajiona nina haki ya kuamrisha. Tangu siku hiyo, kila Jumatatu nilimpa mtu wa boda mfuko wa karoti aupeleke Iyolwa.

Miezi miwili sikwenda. Kwenye simu niliuliza, "Anakula?" Mama anajibu, "Anakula karoti." Roho yangu ikatulia. Hata wateja niliwatambia, kwamba mwanangu hajui kitu kingine ila karoti. Halafu asubuhi moja mama akapiga simu mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akasema, "Njoo. Mtoto anageuka rangi."

Nilimkuta viganja vya manjano, nyayo za manjano, ncha ya pua ya manjano. Alikuwa kimya, shingo imekonda, hakuninyooshea hata mikono. Nikasema ni ini hili. Kwetu kila mtu amewahi kumwona mgonjwa wa manjano, na kila mtu anajua alivyoishia. Hofu ilinishika nikaigeuza kuwa hasira, maana hasira naijua vizuri zaidi.

"Umemnywesha nini? Dawa gani ya majani umempa mtoto wangu?"

Niliyasema hayo mbele ya majirani na mbele ya mtu wa boda aliyenileta. Nikaingia jikoni, nikafunua vyungu kimoja kimoja, nikanusa vibuyu. Hakukuwa na kitu ila karoti. Mama alisimama mlangoni na shuka ya mtoto mkononi. Alisema mara moja tu, "Sijampa kitu ambacho hukusema," nami nikamwambia anyamaze, twende hospitali.

Tulipanda bodaboda ileile mpaka Tororo, mtoto katikati yetu. Njia nzima nilimwomba Mungu na kumlaani mama yangu moyoni, vyote kwa pamoja.

Muuguzi aliyetupokea, musawo kama tunavyowaita, alikuwa mwanamke wa makamo, hajui lugha ya kwetu, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Alivuta kope za mtoto chini, akatazama. Akabonyeza miguu kuona kama imevimba. Akauliza, "Anakula karoti?"

"Kila siku, musawo!" Nilijibu kwa fahari. Haki ya Mungu, hata pale nilikuwa na fahari.

"Hii si manjano. Angalia macho, ni meupe kabisa. Ni rangi ya karoti imekaa kwenye ngozi, haimdhuru, itatoka yenyewe." Nilitaka kumkumbatia. Lakini alikuwa ameshamweka mtoto kwenye mizani, na uso wake ukabadilika. "Na zaidi ya karoti, anakula nini?"

Mama alinitazama, mimi nikatazama mizani.

"Banange! Karoti ni nzuri, lakini bila mafuta kidogo haimfai sana, na bila maharage, bila samaki, bila ugali, mtoto atakuzwa na nini? Huyu ana njaa. Mngechelewa kidogo, mngemzika. Nani anamlisha?"

Nilifungua mdomo. Mdomo unaosikika mpaka upande wa Kenya, siku hiyo haukutoa neno.

"Ni mimi, musawo," mama akasema. "Mimi nampa karoti tu. Mimi nakosea."

Muuguzi akamgeukia. Akamgombeza kama mtoto wa shule, akamwambia wazee wa kijijini ndio wanaomaliza watoto, akamuuliza kama alidhani analea sungura. Watu kwenye benchi walicheka. Mama alitazama sakafu na kuitikia kila neno, "Ndiyo, musawo. Ndiyo." Mimi nilikuwa nafunga vifungo vya gauni la mtoto, nikavifungua, nikavifunga tena.

Kisha muuguzi akanigeukia mimi, kwa sauti ya upole. "Wewe unaonekana unaelewa mambo. Mfundishe mama yako."

"Sawa, musawo," nikasema. "Nitamfundisha."

Tulitoka nje tukakaa kwenye ukuta mfupi karibu na lango. Mama alimchukua mtoto, akamweka mapajani, akampangusa pua. Huyu ni mwanamke aliyezaa watoto saba, akatulea sote saba, hakuzika hata mmoja. Nilingoja anitukane, na angenitukana ningepona. Hakunitukana. Alinitazama usoni, bila kejeli hata chembe, akauliza:

"Haya, nifundishe. Sasa unataka nimpe nini?"